Uchawi wa damu mezani: Thaumatujia ya zamani, toleo la tano, au Crúac na Thebe?

Ukishapata wachezaji wanne au watano wanaotaka kucheza vampaya, yaani mfu anayetembea usiku na kuishi kwa kunyonya damu, swali la uchawi wa damu halichelewi. Atakuwepo mmoja anayetaka mhusika mchawi, na papo hapo msimulizi, yule anayeongoza hadithi, atatakiwa kuamua kanuni zipi zitumike. Katika michezo ya kuigiza ya mezani, ile inayochezwa kwa maneno, karatasi na dadu, njia zinazogombaniwa zaidi ni tatu. Ya kwanza ni Thaumatujia ya Vampire: The Masquerade ya zamani, mchezo uliotolewa na White Wolf mwaka 1991, kanuni zake zikakusanywa upya mwaka 2011 katika toleo la kutimiza miaka 20. Ya pili ni uchawi wa damu wa toleo la tano la mchezo huohuo, lililotoka 2018. Ya tatu imo katika mchezo ndugu, Vampire: The Requiem, wa mwaka 2004, uliopata toleo la pili 2013. Humo kuna mila mbili zisizopatana, Crúac na Uchawi wa Thebe.

Nawaandikia wachezaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, kwa sababu ushauri mwingi uliopo umeandikwa na watu ambao kwao damu na uchawi ni vya kwenye hadithi tu. Kwetu sivyo. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, na mauaji yale yakahusishwa na imani za kishirikina. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu hizohizo. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu uliwatoa watu usiku na marungu, wakaua watu wasio na hatia. Mchezaji mliyekaa naye meza moja pale Uyole anaweza kuwa na sura ya mtu anayemjua kichwani pale unapotamka neno kafara. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila mfumo ni hili: bei ya damu analipa nani?

Ninavyopima

Nimetumia vigezo vitano, na kila mfumo umepita humo humo. Bei: mchawi anatoa nini ili uchawi ufanye kazi. Mzigo: msimulizi na mchezaji wasome na kukumbuka kiasi gani. Kazi: uchawi wenyewe unaweza nini hadithi ikiwa inaendelea. Utu: mfumo unasema nini juu ya roho ya mchawi, maana michezo yote miwili ina kipimo cha Utu kutoka 0 hadi 10, na kila mfumo unakigusa kwa namna yake. Mwisho ni mahali: hadithi ya aina hiyo inakaaje kwenye miji yetu, yenye ukungu wa Juni na majirani wanaojuana kwa majina ya watoto wao.

Katika mifumo yote mitatu dadu ni za pande kumi. Kwenye maduka ya vifaa vya michezo huku Nyanda za Juu Kusini usitegemee kuzikuta. Programu ya simu inatosha. Mnaopenda kushika kitu mkononi, chukueni karata, mtoe za picha, mbaki na moja hadi kumi za nyeusi na nyekundu. Rangi hizo mbili zitakuwa na kazi kubwa nikifika toleo la tano.

Thaumatujia ya zamani (1991 hadi toleo la miaka 20)

Wenye uchawi huu ni ukoo wa Tremere. Katika historia ya mchezo, hao walikuwa wachawi binadamu wa Ulaya walioona uwezo wao unafifia, na katika karne ya 11 wakaiba siri ya damu na kujigeuza vampaya kwa makusudi. Koo nyingine hazijawasamehe. Makao yao makuu ni Vienna, juu kuna Baraza la Saba, na muundo mzima huitwa Piramidi: kila mmoja anamtii aliye juu yake, na anayeingia hunyweshwa damu ya wakubwa ili aanze kufungwa kwao, yaani damu hiyo imfanye mtiifu kwao hata asipopenda.

*Bei.* Damu huhesabiwa kwa pointi. Vampaya wa kizazi cha 13 (vizazi huhesabiwa kutoka kwa Kaini, vampaya wa kwanza, na namba ikiwa ndogo damu ina nguvu zaidi), ambaye ndiye mhusika wa kawaida wa kuanzia, ana nafasi ya pointi 10, na anaweza kutumia moja tu kwa raundi. Kuamka jioni kunakula moja. Kila nguvu ya Thaumatujia inakula moja, kisha mchezaji anarusha dadu za Nia yake, yaani kipimo cha uthabiti wa moyo wa mhusika, ugumu ukiwa daraja la nguvu kuongeza tatu. Nguvu ya daraja la 4 kwa hiyo inataka dadu zenye 7 au zaidi. Ukishindwa, umepoteza damu bure. Ukipata mkosi, yaani hakuna dadu iliyofaulu na moja imetoka, unapoteza pointi ya Nia ya kudumu, na hiyo inauma kwa miezi. Vinginevyo damu hapa ni kama daftari la duka: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Wapo wachezaji wanaoipenda hesabu hiyo kwa dhati. Utawasikia wakiulizana katikati ya pambano, “Kaka, umebakiwa na ngapi?”, na jibu la namba ndilo linalopanga kama wanapigana au wanakimbia.

*Mzigo.* Ni mkubwa kuliko mingine yote. Thaumatujia imegawanyika njia na matambiko. Njia ni nyingi, kila moja na madaraja yake matano: ya Damu, ya Moto, ya kusogeza vitu kwa akili, ya kuunda vitu kutoka hewani, ya kuozesha na kuharibu. Njia ya kwanza unayojifunza ndiyo kuu, na nyingine hazina ruhusa ya kuifikia mpaka ifike tano. Matambiko yako pembeni, kila moja linajifunzwa peke yake, lina vifaa vyake, na linachukua dakika tano kwa kila daraja. Kitabu cha toleo la miaka 20 kina zaidi ya kurasa 500, kwa Kiingereza, na vitabu vya zamani vinaongeza njia juu ya njia. Msimulizi asiyependa kusoma atachoka kabla ya kikao cha tatu.

*Kazi.* Hapa ndipo Thaumatujia inapowashinda wenzake kwa upana. Chukua Njia ya Damu peke yake. Daraja la kwanza, unaonja tone la damu na kujua mwenyewe amekula lini, ana damu kiasi gani na kizazi chake kinakaribia kipi. La tatu, unaizidisha damu yako nguvu kwa muda, unakuwa kama wa kizazi kilicho karibu zaidi na Kaini. La nne, unamvuta mtu damu kutoka mbali, ikaruka hewani mpaka kwako. La tano, unamshika mtu na damu yake inachemka ndani ya mwili. Binadamu hatoki hapo. Njia ya Moto inaanza na mwali wa mshumaa na kuishia na tanuri, na kwa kuwa vampaya wote wanaogopa moto hadi kupagawa, mchawi mmoja anaweza kutawanya kundi zima. Matambiko yana vitu vitulivu zaidi: zindiko linalounguza mtumwa wa damu, yaani binadamu anayelishwa damu ya vampaya, akigusa mlango, kinga inayogeuza mti uliolengwa moyoni kuwa vumbi, tambiko la kuamka macho makavu hatari ikikaribia mchana. Kwa mchezaji anayependa kupanga mambo siku tatu kabla, hii ni raha tupu.

*Utu.* Mfumo wenyewe hauuzi roho yako. Ukimchemsha mtu damu, umeua, na mauaji yanapimwa kama mauaji mengine. Lakini kuchora alama kwa damu, kuhifadhi damu kwenye chupa, kuagiza damu ya mtu fulani, vyote ni kazi ya kawaida ya kisomi. Mchawi wa Tremere anaweza kuwa na Utu 8 na maabara iliyojaa vichupa. Wengine wanauona huo kuwa udhaifu. Mimi nauona ni ukweli wa kutisha juu ya watu wasomi wanaofanya ukatili kwa utaratibu, mradi msimulizi aujue na auonyeshe.

*Mahali.* Afrika Mashariki ina hadithi yake ya wanyonya damu, nayo haina majoho wala majumba ya kifahari. Enzi za ukoloni watu waliogopa mumiani, na mahali pengine chinjachinja au wazimamoto: watu wenye mshahara na vifaa, waliotumwa na wakubwa kukusanya damu ipelekwe kusikojulikana. Hawakunyonya kwa njaa yao wenyewe. Walikuwa kazini. Sijaona mfumo mwingine unaoibeba hofu hiyo vizuri kama Piramidi ya Tremere. Weka nyumba yao kwenye jengo la mkoloni chini ya mlima Loleza, wape gari na hati zenye mihuri, mtu wao wa chini awe mkazi wa Iyunga anayelipwa vizuri na haulizi, na damu ipande treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam. Wachezaji wataielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa, kwa sababu bibi zao waliisimulia.

*Unamfaa:* msimulizi anayesoma, mchezaji mpangaji, na kikundi kinachotaka siasa za taasisi. Haumfai anayetaka kuanza kucheza jioni hiyohiyo aliyoshika kitabu.

Uchawi wa damu wa toleo la tano (2018)

Hadithi imesogea. Katika toleo hili wawindaji wa kibinadamu, wakitumia nguvu za serikali, waliifikia Vienna mwaka 2008 na kuliangamiza kao kuu la Tremere. Piramidi ikavunjika na ukoo ukagawanyika nyumba nyumba. Laana yao mpya ni kwamba hawawezi kuwafunga vampaya wengine kwa damu yao kama zamani. Uchawi nao si mali ya Tremere peke yao. Banu Haqim, ukoo wenye asili ya Mashariki ya Kati, nao wanao.

*Bei.* Pointi za damu zimefutwa. Badala yake kuna Njaa, kutoka 0 hadi 5. Ukitaka kutumia damu, yaani kuiamsha, unarusha dadu moja: 6 na kuendelea, umepona, 1 hadi 5, Njaa inapanda moja. Kisha kila unaporusha dadu za jambo lolote, idadi ya dadu sawa na Njaa yako inabadilishwa na dadu nyekundu. Nyekundu zikitoa kumi kwenye ushindi mkubwa, unashinda kwa ukatili ambao hukuukusudia. Ukishindwa na nyekundu moja ikatoa moja, Mnyama aliye ndani yako anafanya la kwake. Ndiyo maana nilisema karata za rangi mbili zina kazi: nyeusi za kawaida, nyekundu za Njaa, changanya mafungu mawili mbalimbali na uvute.

Matokeo yake ni kwamba mchawi hajui tambiko litamgharimu nini. Huenda likawa bure, huenda likamwacha amebakiza hatua moja kabla ya kushindwa kujizuia. Akifika Njaa 5 haruhusiwi tena kuamsha damu kwa hiari. Na kuna kanuni moja ambayo kwangu ndiyo moyo wa toleo hili: Njaa haishuki hadi 0 mpaka umnywe binadamu na kumuua. Ukikataa kuua, utaishi na dadu nyekundu angalau moja daima. Hakuna mzee wa ukoo wala ofisi ya kulaumu. Bei inamwangukia mchawi, na kupitia yeye inamwangukia yeyote aliyekaa karibu naye chumbani.

*Mzigo.* Mwepesi. Njia zile nyingi zimekusanywa kuwa kipaji kimoja chenye madaraja matano na nguvu chache kila daraja. Matambiko yamebaki, nayo yana kanuni moja: jaribio moja la kuamsha damu, vifaa, dakika tano kwa daraja, kisha Akili pamoja na Uchawi wa Damu dhidi ya ugumu wa daraja kuongeza moja. Mchezaji mpya anaelewa kabla ya chai kuisha.

*Kazi.* Imepungua upana. Njia ya Moto na ya kusogeza vitu hazimo kwenye kitabu kikuu, na wakongwe wengi hawajalikubali hilo. Kilichobaki ni damu yenyewe: damu yako inayokula vitu visivyo hai, damu inayogeuka sumu ya kupoozesha, kumpandishia vampaya mwenzako Njaa kwa kumkazia macho, na zile za zamani za kuonja, kuvuta na kuchemsha. Matambiko ni ya kiupelelezi zaidi, kama jiwe la sumaku lililolishwa damu yako ambalo daima utajua liko wapi. Liweke kwenye mzigo wa boda boda na utamfuata mtu kutoka Kabwe hadi Mbalizi bila kutoka chumbani.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Toleo hili linasema hisia za mtu aliyenyonywa hubaki kwenye damu yake, na damu inayoulisha uchawi wa damu ni ya watu wenye furaha, msisimko na uchangamfu. Fikiria hilo Mbeya. Mchawi wako hatawinda kwenye msiba. Atawinda kwenye sendoff, kwenye baa za Mwanjelwa mwisho wa mwezi, kwenye umati unaotoka uwanja wa Sokoine timu ya nyumbani ikishinda. Furaha ya mji inakuwa malisho yake. Kanuni hiyo moja imenipa vikao vingi kuliko njia zote za Thaumatujia.

*Utu.* Ni jambo la kila kikao. Kikundi huandika mwanzoni misimamo ambayo hadithi haitaivunja bila mhusika kudhurika rohoni, na kila mchezaji huweka imani zake na watu walio hai wanaomshikilia kwenye ubinadamu. Mchawi anayeteleza kwa Njaa mbele ya dada yake hawezi kusingizia hesabu. Kitabu pia kina sehemu ya ushauri juu ya kucheza kwa kujaliana, na isomwe kabla ya kanuni.

*Mahali.* Toleo la tano linapenda mji ambao mtu hawezi kujificha, na miji yetu ndiyo hiyo. Mjumbe wa mtaa anajua nani hajawahi kuonekana mchana. Mama anayeuza vitumbua alfajiri anajua nani hurudi kabla hajawasha moto. Ukiweka hadithi Njombe au Tukuyu, ambako baridi na mvua huwafungia watu ndani mapema, kuwinda kunakuwa kugumu na Njaa inapanda yenyewe. Hata hivyo hapa ndipo tahadhari inatakiwa zaidi, kwa sababu mfumo unamsukuma mhusika kumdhuru mtu wa karibu, tena bila kupanga. Kwa mchezaji aliyeguswa na mambo niliyoyataja mwanzo, kushtukizwa hivyo ni kuzito.

*Unamfaa:* kikundi kipya, watu wanaopenda kuigiza hisia, na msimulizi asiye na muda wa kusoma sana. Haumfai anayetaka mchawi wa vipaji kumi.

Crúac na Uchawi wa Thebe (Vampire: The Requiem)

Requiem iliacha historia kubwa ya Masquerade. Hakuna Kaini wa kujulikana kwa hakika, hakuna Piramidi. Koo ni tano, na uchawi haurithiwi kwa ukoo: unaupata kwa kujiunga na jumuiya ya imani. Crúac ni ya Duara la Ajuza, wanaofuata miungu ya kale na kuamini uumbaji hupitia maumivu. Thebe ni ya Lancea Sanctum, kanisa la vampaya linalomheshimu Longinus, askari wa Kirumi aliyemchoma Kristo mkuki. Wanasema walipewa uchawi huo na malaika huko Thebe ya Misri.

*Bei.* Hapa mchezo umefanya jambo la busara sana. Crúac hulipwa kwa damu. Thebe hulipwa kwa pointi ya Nia pamoja na sadaka, kitu chenye maana ambacho tambiko hukimaliza. Mmoja anatoa mwili wake, mwingine anatoa dhamira yake na kitu cha thamani.

*Mzigo.* Wa kati. Hakuna njia, kuna matambiko tu, na kila mila hutumia mchanganyiko mmoja wa dadu: Crúac kwa ushawishi na elimu ya mizungu, Thebe kwa akili na elimu ya darasani. Dadu hufaulu kuanzia 8, na kumi hurushwa tena. Unarusha mara kadhaa ukijumlisha mafanikio, kwa hiyo tambiko huchukua muda na mtu anaweza kulikatiza.

*Kazi.* Usitegemee makombora. Crúac ina tambiko la kumtia mtu njaa ya kupagawisha, na jingine la kuifanya damu yako sumu kwa atakayeinywa. Thebe inaadhibu: mjeledi wa damu, laana ya kuondoa uwezo wa kusema, na ile ambayo wachezaji hawaisahau, ya wadudu kutoka kinywani mwa mtu anapodanganya. Juu kabisa kuna kugeuza kitu kuwa kitu kingine. Pia inaweza kuhifadhi damu ndani ya kifaa kitakatifu.

*Utu.* Utu wako hauwezi kuzidi 10 ukitoa nukta zako za Crúac, yaani daraja ulilofikia. Mwenye Crúac 4 hawezi kupita Utu 6, hata akiishi kama mtawa. Thebe ni kinyume: hufanyi tambiko lenye daraja kubwa kuliko Utu wako, kwa hiyo anayejiharibu anapoteza uwezo. Ziweke mila hizo meza moja, na mabishano ya wahusika wawili yanajiendesha yenyewe. Roho ndiyo inayolipa, na mchezaji anaiona bei kabla ya kununua. Nakipenda kipengele hicho kuliko vyote, kwa sababu hakimvizii mtu.

*Mahali.* Huku kwetu Jumapili asubuhi mtaa mzima una sauti za kwaya, na watu haohao wanajua lambalamba walipita kijiji gani kusaka wachawi. Mvutano wa kanisa na mila si kitu cha kubuni. Requiem inakaa humo moja kwa moja, na hapohapo ndipo inapoweza kuumiza. Wachezaji waliookoka wanaweza kukwazika na Longinus. Wengine watakwazika Crúac ikivishwa matambiko ya Wanyakyusa au Wahehe, nami nakubaliana nao: matambiko ya mababu zetu yalikuwa ya mvua, mavuno na heshima kwa waliotangulia, na kuyageuza uchawi wa vampaya ni kuwasingizia. Ibaki Crúac ya kigeni iliyofika na wageni. Kadhalika sadaka za Thebe. Mtu yeyote aliyesoma historia atapendekeza fuvu la Mkwawa lililoko Kalenga, lililochukuliwa Ujerumani baada ya kifo chake 1898 na kurudishwa 1954. Mimi nalikataza mezani. Ni mabaki ya mtu ambaye ukoo wake bado unaishi Iringa. Tumia msalaba wa mmisionari wa kubuni, kengele, barua, chochote cha hadithi yenu wenyewe.

*Unamfaa:* kikundi kinachojuana, kinachoweza kuzungumza dini bila kugombana, na mchezaji anayetaka mchawi mwenye imani. Haumfai anayetaka mapambano ya haraka.

Kwa hali yako

Kama mnaanza na hakuna aliyewahi kuwa msimulizi, chukueni toleo la tano, lakini mpeni mchawi daraja moja tu kwanza na tambiko moja. Kaeni kidogo kabla ya dadu na kila mtu aseme asichotaka kukisikia. Watoto wasiguswe, viungo vya watu visitajwe, kisha muongeze yenu. Wekeni karatasi yenye alama ya X katikati ya meza: atakayeigusa, tukio linarukwa na haulizwi sababu.

Kama ni wanachuo wenye muda, wanaopenda siasa za ngazi na wamechoka na mashujaa, Thaumatujia na Piramidi itawashika mwaka mzima. Msimulizi achague njia tatu tu ziwepo mjini na afunge nyingine. Chapisheni kurasa za njia hizo peke yake steshenari. Kitabu kizima ni gharama isiyo na sababu.

Kama mezani pana mtu aliyeondokewa kwa mauaji ya kishirikina, au familia yake iliwahi kunyooshewa kidole cha uchawi, ningeegemea Requiem upande wa Thebe, au nisiweke mhusika mchawi kabisa. Thebe haidai damu ya mtu mwingine na bei yake inajulikana mapema. Muulizeni faragha, mapema, tena aulizwe na aliye karibu naye.

Kama mnacheza wawili tu, msimulizi na mchezaji mmoja, Crúac inapendeza kuliko zote, kwa kuwa kushuka kwa Utu kunapata nafasi ya kusimuliwa polepole. Na kama wachezaji wako ni watu wa mapambano wanaotaka moto na kelele, usiwalazimishe hisia: wape Njia ya Moto ya toleo la miaka 20 na uhesabu pointi kwa uaminifu.

Wapo pia ambao tayari wako katikati ya hadithi ya zamani na wanatamani Njaa ya toleo jipya. Msihamishe mfumo mzima. Bakini na njia na matambiko yenu, futeni pointi za damu peke yake, na kila mahali kanuni inaposema “tumia pointi moja” mrushe dadu moja ya kuamsha damu. Jaribuni kwa usiku mmoja wa hadithi, na mchawi wenu awe ndiye wa kwanza kusema kama inamfaa.